Baba ameanza kamari tangu aongezewe dawa, na kaka hataki daktari aambiwe

BARUA

Bi Mshauri, shikamoo.

Mimi ni kitinda mimba katika nyumba ya watoto wanne, naishi Tanga na wazazi wangu. Baba ni mwalimu mkuu mstaafu wa shule ya msingi. Hapa mtaani mpaka leo anaitwa Mwalimu, na wengi wanaomwita hivyo waliwahi kula viboko vyake. Alipostaafu, msikiti ulimpa uhazini, kwa sababu senti ya mtu ikiingia mkononi kwa Baba ilikuwa inatoka vilevile ilivyoingia. Maisha yangu yote sijamwona hata akicheza karata za bure.

Miaka kadhaa nyuma mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka. Mwandiko wake mzuri wa ubaoni ukawa mdogo hadi hausomeki. Akawa anaburuta mguu, uso umekaza, wageni wakidhani amekasirika. Tulihangaika sana. Alisomewa, akanywa kombe, akatibiwa presha ambayo hakuwa nayo. Mwishowe kaka yangu mkubwa, ambaye yuko Muscat, akatuma nauli tukampeleka Dar es Salaam kwa daktari wa mishipa ya fahamu. Tukaambiwa ni ugonjwa wa Parkinson. Akaanzishiwa dawa mbili, levodopa na nyingine inaitwa pramipeksoli. Hii ya pili sisi tunaipata kwa shida huku, kwa hiyo kaka anainunua kulekule na kuwapa watu wanaokuja likizo.

Mwaka jana daktari alipandisha dozi ya hiyo pramipeksoli. Bi Mshauri, Baba alirudi. Anafunga vifungo vya kanzu mwenyewe. Anakunywa chai na kikombe kinafika mdomoni bila kumwagika. Idi iliyopita alichinja kuku kwa mkono wake na Mama akalia machozi.

Sasa shida yangu. Usiku mmoja nilitoka kwenda msalani kama saa nane, nikaona mwanga sebuleni. Baba amekaa chini, miwani usoni, anatazama kile kindege cha kwenye simu kinachopaa na kupotea, kidole kimesimama juu ya kioo. Pembeni yake kuna redio yake ya zamani ameifungua, skrubu amezipanga kwa ukubwa juu ya gazeti. Hilo la redio ni lake la siku hizi, anaifungua na kuifunga karibu kila usiku, tumeshamzoea. Lakini kamari? Nilirudi kitandani sikulala.

Nilipopata nafasi nikaangalia meseji zake. Pensheni inaingia na kuisha wiki ileile. Kuna mikopo ya simu, mmoja unalipa mwingine. Kisha nikaona kitu kilichonikata miguu: laki sita za michango ya paa la msikiti, ambazo ziko kwenye laini yake, zimekwenda huko huko. Mpaka leo hakuna aliyeuliza, kwa sababu nani atamuuliza Mwalimu?

Nilimkabili tukiwa wawili. Hakukana. Alilia, na mimi sijawahi kumwona Baba akilia, hata siku ya kumzika bibi. Akasema, “Najua ni haramu, najua pesa zitaliwa, na bado nabonyeza.” Akaniapisha nisimwambie Mama wala imamu. Mama anajua kidogo tu, anasema ni shetani ameingia nyumbani na anataka Baba asomewe tena. Yeye amehamia chumba cha wageni, anasema Baba anamsumbua usingizi.

Mimi ndiye ninayempangia dawa kwenye kiboksi chake cha wiki. Juzi nikasoma ile karatasi iliyokunjwa ndani ya pakiti, upande wa Kiingereza. Imeandikwa kwamba baadhi ya watu wakitumia dawa hii hupatwa na hamu wasiyoweza kuizuia ya kucheza kamari, kununua vitu, kula ovyo. Nilikaa chini pale pale jikoni.

Nikampigia kaka. Akasema karatasi za dawa huandika kila kitu mpaka kifo, kampuni zinajikinga na kesi, na hakuna kidonge kinachomfundisha mtu mzima kamari. Tena akasema, “Ukimwambia daktari ataiondoa dawa, na Baba atarudi kuvalishwa na kulishwa. Pesa nitalipa mimi. Pesa zinatafutwa.” Shangazi naye, bila kujua habari ya kamari, ameleta unga wa upupu, eti ndio dawa ya kutetemeka, tuachane na vidonge vya hospitali. Na Baba mwenyewe nilipomtajia ile karatasi alinishika mkono akaniambia, “Nipokonyeni simu, nipokonyeni pensheni. Mikono yangu msiiguse.”

Nimefikiria kuvunja vidonge nusu bila kumwambia mtu, nione kama kamari itapungua. Nani atajua? Lakini naogopa. Nikisema, nimemvunjia Baba ahadi na heshima. Nikinyamaza, siku msikiti utakapotaka pesa yao atafia pale pale. Na kama kweli ni dawa, je, ana dhambi? Nisaidie, kwa sababu nyumba nzima inanitazama mimi ingawa hawajui wananitazamia nini.

Binti wa Mwalimu, Tanga

JIBU

Marahaba, mwanangu. Pole, na pole tena kwa kubeba mzigo huu huku unapanga vidonge kila wiki kana kwamba hakuna kitu.

Nikikuelewa vizuri, umewekwa katikati ya vitu viwili vya baba yako, mikono yake na jina lake, na kila mtu anakwambia uokoe kimoja. Kaka ameshachagua mikono. Baba mwenyewe amechagua mikono. Wewe unaona jina linazama. Mimi sina hakika kwamba mnalazimika kuchagua, na nitaeleza kwa nini, ila kwanza niseme na kaka yako kidogo.

Ni kweli karatasi za dawa huorodhesha mambo chungu nzima, mengine humpata mtu mmoja katika maelfu. Hili la kamari halimo katika kundi hilo. Mwaka 2005 madaktari wa Mayo Clinic, Marekani, waliandika habari za wagonjwa 11 wa Parkinson walioingia kwenye kamari wakiwa kwenye dawa za jamii ya pramipeksoli, na 9 kati yao walikuwa wanatumia pramipeksoli hiyohiyo. Wengi wao walianza ndani ya miezi mitatu tangu kuanzishiwa dawa au kupandishiwa dozi. Mwaka 2010 ukatoka utafiti mkubwa zaidi, wa wagonjwa 3,090 wa Marekani na Kanada. Miongoni mwa waliokuwa wanatumia dawa za jamii hii, karibu 17 katika kila 100 walikuwa na angalau tabia moja iliyowashinda kuizuia, iwe kamari, manunuzi, kula au mambo ya chumbani. Kwa wagonjwa wasiotumia dawa hizo walikuwa karibu 7. Kwa hiyo ulipokaa chini pale jikoni, hukukaa kwa jambo la kubuni.

Namna inavyotokea inaeleweka kwa kiasi kikubwa. Parkinson huua seli za ubongo zinazotengeneza kemikali ya dopamini. Eneo linaloongoza miondoko ndilo linaloathirika mapema na vibaya zaidi. Eneo jingine, linalohusika na hamu, tamaa na furaha ya kupata kitu, hubaki na dopamini yake kwa muda mrefu kidogo. Pramipeksoli huiga dopamini hiyo katika maeneo yote mawili. Sasa fikiria mashamba mawili yanayonyweshwa na pampu moja, moja limekauka na jingine bado lina unyevu. Ukifungulia maji mpaka lile kavu lipate ya kutosha, lile jingine linafurika. Tena pramipeksoli ina upendeleo wa kushika kwenye aina ya vipokezi, yaani sehemu za seli zinazopokea dopamini, ambavyo viko kwa wingi katika lile eneo la tamaa. Dozi iliyompa baba yako vifungo vya kanzu huenda ndiyo hiyohiyo inayomkalisha sebuleni saa nane za usiku.

Nimesema huenda, na hapo nakugeukia wewe. Ukitazama zile hesabu kwa upande wa pili, zaidi ya 80 katika kila 100 wanameza dawa hizo na hawana tabia kama hizo. Na mitaani mwetu kuna vijana wangapi ambao ubongo wao hauna ugonjwa wowote, na kile kindege kimekula mitaji yao ya bodaboda? Mchezo wenyewe umeundwa kuushika ubongo. Mtaalamu wa ubongo Wolfram Schultz na wenzake, katika majaribio yao na nyani, waliona kwamba seli za dopamini hushtuka zaidi kwa tuzo isiyotarajiwa kuliko ile iliyozoeleka. Kindege hakitabiriki, raundi zinafuatana upesi, na kila mara kinapotea muda mfupi baada ya mtu kuona kwamba angeweza kutoa pesa yake. Mstaafu asiye na darasa la kwenda asubuhi, mwenye simu iliyounganishwa na pensheni, angeweza kunaswa hata bila kidonge. Yawezekana kwake ni vyote viwili.

Kuna jambo linaloweza kukusaidia kujua, na halina gharama. Pata taarifa ya miamala ya laini yake ya miaka miwili hivi, kwa ridhaa yake, mkae pamoja mtafute muamala wa kwanza wa kamari. Weka tarehe hiyo karibu na tarehe ya kupandishiwa dozi. Kama kamari ilianza baada ya hapo, kaka yako atakuwa na kazi kubwa ya kubisha. Kama ilianza kabla, basi dawa huenda imechochea tu kilichokuwapo, na matumaini ya kwamba kupunguza dozi kutamaliza kila kitu itabidi yapungue pia. Vyovyote itakavyokuwa, karatasi hiyo daktari ataithamini kuliko maelezo marefu.

Na sasa ile redio. Umeitaja kwa kupita tu, mkaizoea. Kufungua kifaa na kukifunga usiku baada ya usiku, kupanga skrubu, kurudia tena bila faida wala kuchoka, ni tabia inayojulikana kwa baadhi ya wagonjwa wa Parkinson walio kwenye dawa hizi na levodopa. Wengine hupanga makaratasi, wengine husafisha bunduki, wengine hung’oa majani uani mpaka kunakucha. Ukimweleza daktari habari ya kamari peke yake, anaweza kuwaza tabia mbaya. Ukimweleza kamari na redio na kukesha, atawaza dawa. Angalia pia ulaji wake. Siku hizi halua na kashata zinaisha haraka nyumbani?

Hili linalofuata nalisema kwa sitara. Umeandika kwamba mama yako amehamia chumba cha wageni kwa sababu baba anamsumbua usingizi. Pengine ni kukesha tu, au mateke ya ndotoni, ambayo nayo yapo katika ugonjwa huu. Lakini miongoni mwa hamu zinazopanda kwa dawa hizi kuna ya mume na mke, na mwanamke wa rika la mama yako hatamwambia binti yake jambo hilo, wala wewe huwezi kumuuliza. Kama ana somo yake aliye hai, au dada yake wanayesikilizana, huyo ndiye wa kumdokeza akae naye. Mama anasema ni shetani. Huenda hilo ndilo neno pekee alilo nalo la kueleza mambo ambayo hayasemeki mbele ya watoto.

Kuhusu kuvunja vidonge nusu kimyakimya, naielewa sana tamaa hiyo. Kiboksi kiko mkononi mwako na daktari yuko mbali. Lakini hatari zake ni za kweli. Kupunguza ghafla dawa za jamii hii kunaweza kuleta hali ambayo madaktari waliieleza mwaka 2010: wasiwasi mkali, huzuni nzito, jasho, maumivu ya mwili, na kiu ya dawa yenyewe. Wanaopatwa nayo zaidi ni walewale ambao tayari wameshikwa na kamari au mfano wake. Na kukata ghafla dawa za Parkinson kwa ujumla, levodopa ikiwemo, kunaweza kumkakamaza mtu, homa ikapanda, akalazwa mahututi. Zaidi ya hapo, baba akianza kutetemeka tena bila kujua sababu, daktari anaweza kudhani ugonjwa umesonga mbele akapandisha dozi, na hapo utakuwa umemsukuma kulekule ulikotaka kumtoa.

Kaka yako ana hakika kwamba daktari akiambiwa ataiondoa dawa na baba atarudi kulishwa. Yeye si daktari, mimi pia si daktari, lakini ninachokijua ni kwamba kwa kawaida mambo hayaendi kwa kukata moja kwa moja. Mara nyingi hupunguzwa kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, na pengo hujazwa kwa kurekebisha levodopa, ambayo kwa mambo ya kamari ina madhara madogo kuliko pramipeksoli. Wapo ambao hamu huisha kabisa na mikono ikabaki vizuri. Wapo ambao mikono hurudi nyuma kiasi. Wapo wachache ambao hamu inabaki hata dawa ikiondoka. Kuna utafiti mdogo wa London, wa mwaka 2013, ulioonyesha kwamba mazungumzo ya tiba na mtaalamu wa saikolojia, yale ya kumfunza mtu kuitambua hamu inapokuja na nini cha kufanya wakati huo, yaliwasaidia wagonjwa wa Parkinson wenye tabia hizi. Kwa hiyo kuna njia kadhaa, kila moja na bei yake, na hakuna atakayewahakikishia ya baba yako itakuwa ipi. Ila daktari hawezi hata kuanza kupima kati yake kama anachokiona kliniki ni mzee aliyepona mikono na familia inayotabasamu. Wagonjwa wengi huficha kwa aibu, na madaktari wengi, foleni ikiwa ndefu, hawaulizi.

Hofu ya baba yako nisingependa ipuuzwe. Utafiti uliofanywa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, ukachapishwa mwaka 2008, ulikuta kwamba wengi wa wagonjwa wa Parkinson waliopatikana walikuwa hawajawahi hata kuambiwa wana ugonjwa gani. Baba yako ameshaonja maisha hayo, ya kusomewa na kutibiwa presha isiyokuwapo. Anajua anachokilinda. Akisema mikono yangu msiiguse, hilo nalo lifike kwa daktari kama lilivyo, pamoja na habari ya kamari. Ni haki yake, naye akili anayo.

Ndiyo maana nauliza kama lazima mwenye kumwambia daktari awe wewe. Baba amekuapisha, sawa, lakini umeandika “nisimwambie Mama wala imamu”. Daktari hakutajwa. Sikwambii utafute mwanya katika kiapo cha mzazi. Nasema tu kwamba anayekataza daktari asijue ni kaka yako, na baba hujamuuliza. Ingekuwaje ukimuuliza? “Baba, nikusindikize au unikataze, lakini mwenye kusema uwe wewe.” Sentensi yenyewe ni fupi: Daktari, tangu uliponiongezea dozi nimeanza kucheza kamari, na sitaki kupoteza mikono yangu. Mtu aliyesimama mbele ya madarasa miaka yote hiyo anaweza kuisema. Akishindwa, anaweza kuiandika, kwa sababu sasa mwandiko upo. Na akikataa katakata, hapo utakuwa na uamuzi mzito, kwa kuwa wako wanaoona siri ya mgonjwa haiguswi, na wako wanaoona anayepanga vidonge hawezi kumficha daktari madhara ya vidonge. Mimi naelemea upande wa pili, lakini si mimi nitakayekaa naye meza moja jioni ile.

Ile kauli yake, nipokonyeni simu, usiichukulie kwa haraka. Mlango ameufungua mwenyewe, hilo ni zuri. Lakini mwalimu mkuu kupokonywa simu na mwanawe wa mwisho kunaweza kumvunja kuliko kumsaidia, tena laini nyingine ni shilingi ngapi? Inakaa vizuri zaidi akikabidhi mwenyewe: pensheni ihamie akaunti ya benki yenye sahihi mbili, ya kwake na ya mtoto anayemchagua, namba ya siri ibadilishwe mbele yake, simu ya usiku iwe ile ndogo ya tochi. Kampuni nyingi za kamari pia zina sehemu ya mteja kujifungia akaunti. Kufunga moja hakuzuii kufungua nyingine, lakini hamu inayocheleweshwa mpaka kukuche wakati mwingine hupita.

Pesa za msikiti zisikae muda mrefu. Kaka amesema atalipa. Akilipa kimya, paa litaezekwa na jina litabaki, ila baba atabaki mhazini, na pesa nyingine zitaingia kwenye laini ileile. Baba anaweza kuomba apumzishwe uhazini kwa sababu ya ugonjwa, na hilo si uongo. Au anaweza kumwendea imamu na ile karatasi ya dawa mkononi, akamweleza yote. Imamu unamjua wewe. Kama ni mtu wa kusitiri, hiyo ndiyo njia itakayompunguzia baba mzigo zaidi. Kama ni mtu wa kibarazani, mambo yatafika Pangani kabla ya adhuhuri. Swali lako la dhambi siwezi kulijibu, mwanangu. Hilo mpelekee mwenye elimu, ila asikilize habari ya dawa kwanza kabla hajatoa neno.

Uliandika pia kwamba siku msikiti ukitaka pesa yao “atafia pale pale”. Labda ni namna tu ya kusema. Lakini deni, aibu na dawa inayopunguzwa vikikutana, mtu anaweza kufika pabaya. Muulize waziwazi kama huwa anafikiria kujidhuru. Swali hilo halimtii mtu wazo. Akijibu ndiyo, au akikwepa, hapo hamsubiri tarehe ya kliniki, mnakwenda hospitali iliyo karibu siku hiyohiyo na asiachwe peke yake.

Shangazi msimgombeze. Mbegu za upupu kweli zina levodopa ndani yake, na watafiti wameziangalia kwa ajili ya ugonjwa huu. Ndiyo hatari yenyewe: baba tayari anameza levodopa iliyopimwa, mkiongeza kijiko kisichopimwa hamjui mmempa kiasi gani. Unga ukae kabatini, na siku ya kliniki muuchukue mumwonyeshe daktari.

Kaka yako naye mpe nafasi. Yeye anamwona baba mchana kwenye simu ya video, mikono imetulia, na amelipia utulivu huo kwa jasho lake huko ugenini. Wewe unamwona saa nane za usiku. Mtumie ile taarifa ya miamala ikiwa na tarehe ya dozi pembeni, bila maneno mengi, halafu msikie. Na muda mnaendelea kuzungumza, pramipeksoli isiishe ndani. Akisema kwa hasira kwamba hatumi tena, au msafiri akichelewa, mpigieni daktari kabla ya kidonge cha mwisho, hata kama mazungumzo yenu wenyewe hayajafika popote.